Kichwa Kwanza, Tela Baadaye

Mwaka 1972 nilikuwa utingo wa lori lililobeba marobota ya mkonge kutoka mashambani hadi bandari ya Tanga. Lori lile lilikuwa na tela. Dereva wangu, mzee mmoja ambaye sisi vijana tulimwita Fundi, hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini kila alfajiri, kabla ya kuwasha injini, alilizunguka lori lote akipiga teke gurudumu moja baada ya jingine, na alipofika pale tela lilipofungwa alichutama kitambo kirefu. "Tela halina akili," alikuwa akiniambia. "Akili yote iko kwenye kichwa. Kichwa kikizidiwa, tela ndilo linaloendesha." Nilikuwa na miaka 18, na maneno hayo yaliingia sikio hili yakatokea lile. Nilikuja kuyakumbuka karibu miaka 50 baadaye, nikiwa kando ya barabara kuu huko Uingereza, mikono ikinitetemeka.

Mimi na mke wangu tuliishi na kufanya kazi Uingereza tangu ujana wetu. Yeye alikuwa muuguzi, na kwa miaka mingi alifanya zamu za usiku; mimi niliendesha mabasi ya abiria. Tuliahidiana zamani, watoto wakiwa wadogo, kwamba tukistaafu tutaitembea nchi hii ambayo tuliifanyia kazi bila kuiona: Wales, kisha milima ya Scotland, na kama afya ingeruhusu, Hispania wakati wa baridi. Safari ya miezi mitatu haiwezekani kwa hoteli, si kwa pensheni zetu. Kwa hiyo tulipostaafu, mwaka 2020, tukaanza kutafuta karavani, yaani ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari.

Tulitafuta vibaya. Tulikwenda kuziangalia kama watu wanaotafuta nyumba ya kupanga. Mama Salma alitaka kitanda cha kudumu, si kile cha kukunja na kukunjua kila jioni, kwa sababu ya magoti yake. Alitaka jiko lenye oveni. Mimi, sijui kwa nini, nilivutiwa na zile zenye ekseli mbili, kubwa kama vibanda vya biashara. Gari letu dogo la petroli lilikuwa limeegeshwa nje muda wote huo, wala hakuna aliyeliuliza maoni yake.

Jirani yetu mmoja alituazima karavani yake ya kilo 1,500 tuijaribu mwisho wa juma. Gari letu lilikuwa na kilo 1,400. Nilipakia baiskeli mbili na madumu ya maji nyuma kabisa, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na nafasi. Tulipokuwa tukiteremka mlima katika barabara kuu ya kaskazini, lori kubwa likatupita. Upepo wake ukaisukuma karavani upande mmoja, ikarudi upande wa pili, kisha ikaanza kuyumba kama mkia wa samaki, na mkia ule ukawa unalitikisa gari. Nikafanya lile lisilofaa kufanywa: nikakanyaga breki. Kwa sekunde kadhaa usukani haukuwa wangu. Tulisimama tukiwa tumepinda, nusu ya karavani ikiwa juu ya nyasi. Hatukuumia, wala hatukumwumiza mtu. Mama Salma hakusema neno mpaka tukafika nyumbani, na aliposema, alisema kwa upole: "Baba Salma, mimi humo siingii tena." Nilimjua vya kutosha kutojibu.

Basi majira ya baridi yale, nikiwa sina kazi na ahadi yangu imevunjika, nikaanza kusoma. Sikusoma matangazo ya karavani, hayo nilikuwa nimeyachoka. Nilitaka kujua wenzetu wa kale walianzaje.

Neno lenyewe lilinifundisha kitu. Asili yake ni Kiajemi, karwan, na maana yake ni kile ambacho sisi tunakiita msafara: watu na wanyama wao wakienda pamoja njia ndefu. Waingereza walilichukua, na baada ya muda wakalibandika kwenye gari la kuishi ndani. Jina likahama kutoka kwa wanaokwenda likaenda kwa kile kinachokokotwa.

Gari la kwanza la namna hiyo kutengenezwa kwa ajili ya starehe tu linasemekana ni Wanderer, lililoundwa mwaka 1885 na kampuni ya Bristol Wagon Works kwa ajili ya William Gordon Stables, daktari mstaafu wa jeshi la majini aliyekuwa akiandika hadithi za vijana. Lipo hadi leo mikononi mwa chama cha wenye karavani cha Uingereza. Ni kazi nzuri ya seremala, la mbao za mkangazi, refu kiasi cha futi 18. Likiwa limepakiwa lilifikia karibu tani 2. Stables alitoka nalo Twyford, karibu na Reading, hadi Inverness huko Scotland, safari ya maili 1,300 hivi, likivutwa na farasi wawili. Mtumishi wake alitangulia mbele juu ya baiskeli ya magurudumu matatu kuwatahadharisha wengine barabarani. Mwendo, mapumziko, mahali pa kulala, yote yalipimwa kwa pumzi ya farasi. Farasi anao ufundi mmoja ambao injini haina: akichoka, husimama. Gari letu dogo halikusimama. Lilivumilia mpaka likashindwa, na mimi ndani yake sikuambiwa.

Lakini kisa kilichonikalia moyoni zaidi nilikikuta karibu na kwetu, upande wa pili wa maji kutoka Unguja. Wasafiri wa njia za bara, kutoka Bagamoyo na Saadani hadi Ujiji, hawakuwa na magari ya kukokotwa. Mizigo ilikwenda mabegani mwa wapagazi, kila mmoja akibeba kiasi cha frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Wageni wengi wa Ulaya waliuona utaratibu huo kuwa ni ujinga wa watu wasiojua gurudumu. Mmoja wao alikuwa Roger Price, mmisionari wa London Missionary Society. Alikuwa ametumikia kusini mwa Afrika, na huko magari makubwa ya kukokotwa na ng'ombe yalikuwa jambo la kila siku. Mwaka 1876 alitoka Saadani hadi Mpwapwa na ng'ombe wachache wa kujaribia, akarudi salama, akatoa taarifa nzuri. Mwaka 1877 msafara wenyewe ukaanza safari, na magari na makundi ya ng'ombe wa kuyavuta.

Ng'ombe wakafa. Njia ile ilikuwa na mbung'o, na ugonjwa wanaoueneza hauonekani siku ya kwanza wala ya pili. Mnyama hukonda, hulegea, halafu huanguka. Ilikuwa miaka ya 1890 David Bruce alipothibitisha jinsi mbung'o anavyoupeleka ugonjwa huo kwa mifugo. Lakini watu wa njia walijua kwa macho yao kwamba ng'ombe hapiti pale. Mwishowe magari yakaachwa, wapagazi wakatafutwa, na waliobaki wa msafara ule wakafika Ujiji mwezi wa Agosti 1878. Magari hayakuwa na kosa lolote. Yalikuwa imara, yenye nafasi, ya kupendeza. Kosa ni kuyachagua kwa kukumbuka njia nyingine, yenye mvutaji mwingine.

Naye Wally Byam, Mmarekani mwenye kampuni ya Airstream, alikuja Afrika kwa namna nyingine. Mwaka 1959 aliongoza karavani 41 za bati la kung'aa kutoka Cape Town kuelekea Cairo, kupitia Rhodesia, Kongo, Uganda, Kenya na Ethiopia, na mwaka 1960 walipiga picha zao mbele ya piramidi. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka mitano. Watu hao hawakuvuta nyumba zao kwa magari ya mjini. Wengi walitumia pikapu zenye nguvu, na hata hivyo kulikuwa na tope lililowashinda. Nasoma habari zao kwa kustaajabu na pia kwa wivu kidogo, kwani wakati ule wale waliozaliwa katika nchi hizo hawakuwa na ruhusa ya kuzipita kwa uhuru namna ile.

Baada ya hapo nikaanza upya, safari hii kwa kalamu. Nikatafuta mvutaji kwanza. Nikauza gari la petroli, nikanunua stesheni wagoni ya dizeli iliyokwisha kutumika, kilo 1,650. Dizeli huvuta kwa nguvu injini ikiwa katika mzunguko wa chini, na hicho ndicho mtu anachokitaka mlimani, wala si mbio. Kwenye kibati cha gari, karibu na mlango, kuna uzito wa mwisho unaoruhusiwa wa gari na tela lake kwa pamoja, nikauandika. Halafu nikafuata kipimo ambacho vyama vya karavani vya Uingereza humpa anayeanza: karavani ikiwa imejaa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari. Kwangu hiyo ilikuwa kilo 1,402. Si sheria, ni ushauri, na watu hubishana juu yake sana. Mimi sikuwa tena na hamu ya ubishi.

Tukapata karavani ya ekseli moja yenye kikomo cha kilo 1,300. Kitanda cha kudumu kimo. Oveni haimo. Ikiwa tupu ina kilo 1,150, kwa hiyo nguo, vyombo, mtungi wa gesi, turubai na chakula vyote lazima viwe ndani ya kilo 150. Maji ni kilo moja kwa kila lita, kwa hiyo tangi tunalijaza tukifika. Vizito hukaa chini, juu ya ekseli, vyepesi nyuma. Pua ya karavani nayo hulemea ndoano ya gari kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wake, kwetu kati ya kilo 65 na 91, lakini ndoano yetu inaruhusu 75 tu. Hupima kwa mizani ya bafuni na kipande cha gongo. Na kama ikiyumba, naachia mafuta na kuushika usukani ukiwa umenyooka, basi.

Haya yote niliyaandika kwenye karatasi moja nikaiweka mezani, nikaondoka kwenda sokoni. Niliporudi, Mama Salma alikuwa amevaa miwani, mizani ya bafuni i mbele yake sakafuni. Alikuwa amepima kinu na mchi wake, vile alivyokuja navyo kutoka Pangani: kilo 11. Chini ya hesabu zangu alikuwa amekata mstari juu ya neno kinu, na akaandika mbuzi ya nazi, kilo 2.

"Hii lazima iende," akasema. "Nayo ikae juu ya ekseli."

Tulitoka mwezi wa Mei, saa kumi na moja alfajiri, kabla ya malori. Kabla ya kuwasha injini nililizunguka gari, nikapiga teke magurudumu yote, nikachutama kwenye ndoano. Yeye alingoja kwenye kiti chake, mkanda umefungwa, mlango ukiwa wazi bado.