Miche 62 ya Kikogwe

Mwaka 1892 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alisoma katika jarida la bustani ya Kew, Uingereza, habari za mkonge, mmea wa nyuzi wa Yucatán, Meksiko. Wameksiko walilinda zao lao na hawakutaka litoke nje. Watu husimulia kwamba miche ililetwa kwa magendo, imefichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Hadithi tamu, ila ukweli ni wa kibiashara zaidi: miche 1,000 ilinunuliwa Florida, Marekani, ambako balozi mdogo Henry Perrine alikuwa ameshapeleka mkonge tangu miaka ya 1830.

Safari ya meli kupitia Hamburg iliiua karibu yote. Mwaka 1893 ilipandwa 62 tu huko Kikogwe, Pangani. Miaka 5 baadaye mkonge ulikuwa umefika 63,000.

Siri ya ongezeko hilo ni uzazi. Mkonge huishi miaka 7 hadi 12, kisha hutoa mlingoti wenye urefu wa mita 6 hivi, huchanua mara moja na kufa. Maua yake karibu yote huanguka bila mbegu, kwa kuwa chembe zake zina seti 5 za kromosomu, na tano haigawanyiki kwa mbili pale mmea unapotengeneza chavua na mayai. Mahali pa maua hujitokeza vitoto vyenye majani na vimizizi, mamia kwa mamia, vilivyo tayari kupandwa kitaluni. Chini nako shina hutoa machipukizi. Hakuna baba katika ukoo huu: kila kitoto ni mama yuleyule. Kwa hiyo marufuku ya Meksiko ilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Aliyepata mche mmoja alikuwa ameshapata shamba.

Ukame nao haukuutisha mkonge. Mkonge hufunga vitundu vya majani wakati wa jua kali, huvifungua usiku kuvuta hewa ya kaboni, na kuiweka kama asidi hadi mchana, mwanga unapoigeuza kuwa sukari. Maji kidogo sana hupotea.

Taabu iliwaangukia watu. Manamba, vibarua wa mkataba waliojulikana kwa namba, waliletwa kutoka Kigoma, Songea na Ruanda-Urundi. Mkataji alikata majani ya chini, akaondoa mwiba wa ncha, akafunga matita huku utomvu ukimwasha mikono. Kiwandani, mashine iitwayo korona iliponda jani na kukwangua nyama yake. Singa zilizobaki hazikufika hata asilimia 5 ya uzito wa jani. Sehemu kubwa ya kilichobebwa kutoka shambani ilikuwa maji na makapi.

Kwa mzalishaji wa aina mpya za mimea, mmea usiozaa mbegu ni ukuta. Watafiti wa Amani, Usambara, na baadaye wa kituo cha Mlingano, karibu na Muheza, waliuzunguka kwa kuchavusha kwa mkono jamaa zake wanaozaa. Walichanganya Agave amaniensis na Agave angustifolia, kisha wakarudisha chotara kwa amaniensis. Kati ya maelfu ya miche ya majaribio ulichaguliwa mmoja, nambari 11648. Mkonge wa kawaida hutoa majani kama 200 hadi 250 maishani. Huu hutoa zaidi ya maradufu.

Mashamba yaliupokea kwa shangwe, na katika miaka ya 1960 ulifika hata China. Lakini nao ulizidishwa kwa njia ya zamani, kwa vitoto na machipukizi, kwa hiyo shamba zima lilibeba udhaifu mmoja. Ugonjwa wa milia, unaoletwa na kimelea aina ya Phytophthora wakati wa mvua, ulipoingia kwenye maeneo yanayotuamisha maji, ulikuta mimea yote iko sawa. Jani hupigwa mistari ya zambarau na kijani, kisha uozo hushuka hadi kwenye shina.