Akiba Haiozi: Ulezi Umetokaje Jikoni?

Ndugu msikilizaji, mwezi uliopita nilikuwa Mbeya kwa shughuli za kazi, nikaingia soko la Mwanjelwa kutafuta ulezi. Mama muuzaji akaniuliza, "Wa uji au wa pombe, baba?" Nikamjibu kwamba nataka wa ugali. Akacheka, akamwita jirani yake aje kumwona mtu wa mjini anayetaka kusonga ulezi. Siku chache baadaye nilikuwa Iringa, nikauliza tena sokoni. Jibu likawa lilelile: ulezi ni wa uji wa mtoto, au ni kimea cha komoni.

Nilitoka na kilo zangu mbili nikiwa na swali. Nafaka iliyowalea babu zetu imekuwaje kioja katika soko la nyumbani kwake?

Wengi wetu tunaamini kwamba ugali wa mahindi ni chakula chetu tangu enzi. Sivyo. Mahindi ni mgeni. Asili yake ni Mexico, na yalifika Afrika kwa merikebu za Wareno baada ya mwaka 1500. Ulezi, kwa upande wake, ni mwenyeji. Ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Ethiopia na Afrika Mashariki maelfu ya miaka iliyopita. Wanyakyusa, pamoja na kuwa na ndizi tele, waliulima; Wahehe na Wabena waliulima. Ulikuwa chakula, ulikuwa pombe ya ngoma na ya matanga.

Tena ulikuwa na sifa moja ambayo mahindi hayana. Punje yake ni ndogo mno, na wadudu wa ghalani hawaiwezi. Ukikaushwa vizuri na kuwekwa katika kihenge, ulezi hukaa miaka mingi bila kuharibika. Wahenga waliosema akiba haiozi, nadhani walikuwa wakiutazama. Na adui naye aliijua thamani ya akiba. Katika Vita vya Maji Maji, kati ya mwaka 1905 na 1907, majeshi ya Wajerumani yaliteketeza mashamba na maghala, Ubena ikiwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa. Njaa iliua watu wengi zaidi kuliko risasi.

Basi mahindi yaliingiaje? Yalisaidiwa na kazi ya mshahara. Miaka ya 1930 vijana walimiminika katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, na wengine walikwenda kwenye mashamba ya walowezi. Kibarua alipewa posho, yaani mgawo wake wa chakula, na mgawo huo kwa kawaida ulikuwa unga wa mahindi. Ndiyo maana mpaka leo kinu cha injini tunakiita mashine ya posho. Neno limebaki kuwa ushahidi.

Kisha ikaja siasa. Mwezi Mei 1972, TANU ilikutana Iringa na kutoa azimio la Siasa ni Kilimo. Mara tu baada ya hapo ukaja ukame, na serikali ikalazimika kuagiza mahindi kutoka ng'ambo. Wazee wa mijini hawajausahau unga wa njano walioubatiza jina la Yanga. Baada ya fedheha hiyo, mbegu bora na mbolea vilielekezwa zaidi kwenye mahindi, na bei ikawa moja nchi nzima, hata mkulima wa mbali hakupunjwa kwa sababu ya umbali. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ikawa mikoa minne iliyotegemewa kulilisha taifa.

Sisemi kwamba mama zetu walidanganyika. Hindi limevikwa maganda, ndege hawalifikii kwa urahisi. Ulezi hupaliliwa kwa kuinama, huku ukifanana na magugu yake. Huvunwa suke kwa suke, hupurwa, hupepetwa, na zamani ulisagwa kwa jiwe, mama akiwa amepiga magoti. Aliyeuacha alikuwa na sababu. Hasara yetu ni kwamba tulipoweka chini jiwe la kusagia, tuliweka chini na maarifa yaliyokwenda nalo.

Hayo niliyaona kwa macho yangu Tukuyu, kwa mama mkubwa wangu, ambaye amevuka miaka 80. Kwanza aliukagua ulezi wangu, akauosha mara tatu kuondoa mchanga, akauanika. Mwenye mashine alitutaka tungoje hadi jioni, usije ukachafua sembe ya watu. Usiku nikashika mwiko kwa majivuno. Nikaanza na uji mwepesi, kama nifanyavyo kwa sembe, nikakoroga kwa nguvu. Ukanata kama gundi, na ndani ukajaa madonge.

"Mwanangu, ulezi hauna haraka ya sembe," akasema mama mkubwa. Akainjika sufuria nyingine. Maji yalipochemka sana, akamimina unga katikati, akauacha utokote bila kuugusa. Alikuwa akisikiliza. Mlio ulipobadilika ukawa mzito, akapunguza moto, ndipo akasonga taratibu. Ugali ukatoka wa rangi ya kahawia, laini, tukaula kwa maharage na maziwa ya mgando. Nikamwambia, "Ndaga fijo, mama."

Nilimwuliza nani mwingine pale nyumbani anajua kuupika. Akawatazama wajukuu wake, mmoja baada ya mwingine, akanyamaza.

Ndugu msikilizaji, kitabu cha mapishi kinaweza kukupa vipimo, lakini mlio ule wa sufuria hakina. Huo hupatikana kwa kukaa kando ya moto na anayeujua, wakati angali hai. Kila mwaka tunazika masikio yaliyozoea mlio huo, halafu tunafanya tamasha la vyakula vya asili na kupiga picha.

Sikushauri uache sembe. Mahindi nayo yamekuwa yetu, kwa jasho la wakulima wa nyanda hizi. Ninachokuomba ni kidogo: nunua kilo moja ya ulezi, umpelekee bibi au mama mkubwa, kisha umwombe akufundishe. Nenda na mwanao, wa kike na wa kiume. Mimi likizo ijayo nitarudi Tukuyu na binti yangu, na safari hii mwiko atashika yeye.

Hadi juma lijalo, kwaheri.