Ruwi haikuwa tupu



Katika barza zetu hapa Maskati husikika sana maneno haya: "Tulipokuja sisi kutoka Unguja, Ruwi ilikuwa jangwa tupu, sisi ndio tulioijenga." Kauli hii ina ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya historia. Na watoto wetu washaanza kuisema kama ilivyo.

Ruwi lilikuwa bonde la wakulima nje ya mji, limezungukwa na majabali, lina mitende na maji ya falaj, ule mfereji wa kale ambao watu hugawana maji yake kwa zamu. Ngome ya hapo, Bait al-Falaj, imechukua jina la mfereji huo. Januari 1915 watu wa Imam Salim bin Rashid al-Kharusi waliteremka kutoka bara wakaishambulia ngome hiyo, wakarudishwa nyuma na askari wa Kihindi waliowekwa na Waingereza kumlinda Sultan Taimur bin Faisal. Kwa nini watu wapigane kwenye mitende? Kwa sababu njia ya bara ilipita bondeni hapo. Aliyeishika Ruwi kaushika mlango wa Matrah na Maskati. Ndio maana Muscat Levy Corps, jeshi dogo lililoundwa 1921, likaweka makao yake hapo hapo.

Jambo la pili ni ardhi. Maskati yenyewe imebanwa baina ya majabali na bahari, tena ilikuwa na ukuta. Usiku ukiingia malango yakifungwa, na mwenye kutembea ilimlazimu achukue kandili. Kiwanja cha ndege kingewekwa wapi? Kikawekwa Ruwi penye tambarare, ijapokuwa marubani wakipata taabu khasa kutua katikati ya milima.

Sultan Qaboos aliposhika utawala Julai 23, 1970, nchi nzima ilikuwa na kiasi cha kilomita 10 za lami na skuli 3, na mafuta yalikuwa yakiuzwa nje tangu 1967 tu. Mwaka 1973 ndege zikahamia Seeb. Basi pale Ruwi pakabaki ardhi tambarare, iko wazi, na bandari ya Matrah iko karibu. Mabenki na maofisi yakaota hapo.

Hapa ndipo wazee wetu wanapoingia. Baada ya Januari 12, 1964 walitawanyika: wengine Mombasa na Dar es Salaam, wengine Cairo, Kuwait na Dubai. Qaboos alipowaita Waomani walio nje, walirudi na Kiingereza chao na fani zao: walimu, wauguzi, makarani, wahasibu. Kiarabu cha wengi kilikuwa kizito, wakaitwa Wazinjibari. Lakini nchi iliwahitaji, na kazi waliifanya. Tuseme kweli lakini: wao walishika kalamu. Walioshika koleo juani ni vibarua wa Kihindi na Kipakistani.

Sisi wa Unguja tunaujua mfano huu. Ng'ambo nayo mara nyingi imeandikwa kama kiambatisho cha Mji Mkongwe, kana kwamba ng'ambo ya mkono ule wa bahari hapakuwa na watu wenye historia yao. Tunalalamika, na tuna haki. Sasa iweje Ruwi tuifanyie yale yale?

Leo familia nyingi za Kiswahili zimehamia Al Khuwair na Seeb, na ukipita Ruwi jioni utasikia Kimalayalam na Kiurdu kuliko Kiswahili. Kesho akitokea mtoto wa Kihindi akasema Ruwi ilikuwa tupu mpaka babu yake alipokuja, tutamjibu nini? Tukitaka sehemu yetu isifutwe, nasi tusiwafute wenye mitende.

Wenye wazee walioishi bondeni hapo kabla ya 1970, wawaulize majina ya mashamba na zamu za maji, na wayaandike sasa. Wazee hawatungoji.