Winchi Iliyopanda Lori

Msomaji, ukisimama Isebania, mahali ambapo barabara itokayo Kisii na Migori huvuka mpaka kuelekea Sirari, Tarime na Musoma, utaona malori yakipita na shehena za kila namna. Mengine yana mkono wa chuma uliokunjwa nyuma ya chumba cha dereva. Mkono huo ni winchi, nao una historia ndefu.

Hapo kale wanadamu waliinua vitu vizito kwa wenzo, kamba na kapi. Katika karne ya 17 Mfaransa Blaise Pascal alieleza kanuni hii: kioevu kilichofungiwa chomboni kikisukumwa, msukumo huenea sawasawa kila upande. Kwa hiyo, ukiunganisha silinda mbili, na pistoni ya pili ikiwa na eneo mara 10 ya ile ya kwanza, uzito wa kilo 10 utainua kilo 100. Lakini hakuna cha bure: pistoni ndogo ikishuka sentimita 10, kubwa hupanda sentimita 1 tu.

Mwaka 1846 Mwingereza William Armstrong alitumia nguvu ya maji kuendesha winchi gatini Newcastle. Winchi ya namna hiyo haikuweza kuufuata mzigo. Ulipofika bara, ulishushwa kwa migongo ya watu. Baadaye huko Uswidi, Eric Sundin alitambua ya kuwa injini ya lori yaweza kuendesha pampu ya mafuta. Mwaka 1944 alianzisha kampuni ya Hiab mjini Hudiksvall, na mwaka 1947 ikatoa winchi yake ya kwanza ya lori.

Kazi yake ni hivi. Injini huzungusha pampu. Pampu husukuma mafuta katika silinda. Silinda huinua na kunyoosha mkono. Kwanza, lakini, mwendeshaji huteremsha miguu ya chuma ubavuni ili lori lisipinduke. Tena hupima umbali: winchi iinuayo tani 5 kwa umbali wa mita 2 haiwezi kuzidi kama tani 1 kwa mita 10. Apuuzaye hesabu hiyo huua watu.

Kwa winchi hizo twasimamisha nguzo za umeme, twashusha matangi na mabomba ya zege, na twainua magari yaliyopinduka. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka Nairobi penye ubalozi wa Marekani, jengo jirani la Ufundi liliporomoka juu ya watu. Waliokufa mjini humo kwa bomu hilo walikuwa 213. Wananchi walikimbilia kufukua kwa mikono, lakini mapande ya zege ya ghorofa nzima hayainuliki kwa mikono. Yalihitaji mitambo, na watu waijuao.

Basi, wewe usomaye fizikia darasani, usidhani kanuni ya Pascal ni ya mtihani tu. Huenda siku moja mtu aliye chini ya zege akamhitaji aliyeielewa.