Gari ya Shamba: Baraza Iliyokuwa Ikitembea

Aliyewahi kusimama Darajani saa nane za mchana, jua likiwa limewaka na vikapu vimejaa njiani, hahitaji kufasiriwa maana ya gari ya shamba. Asiyewahi, na vijana wa leo wengi ni miongoni mwao, anastahiki kuelezwa, kwani gari zile zinatoweka moja moja kisiwani kwetu, na hakuna anayezifanyia tanga.

Nianze mbali kidogo. Kabla ya gari, safari ya shamba ilikuwa ya miguu au ya punda. Sayyida Salme binti Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, anawataja punda weupe waliowachukua watu wa jumba la kifalme kwenda mashambani. Baada ya hapo ikaja reli, na si moja kama wengi wadhanivyo. Ya kwanza ni ya Sayyid Barghash, iliyotandikwa kuanzia 1879 kutoka mjini kwenda kwenye jumba lake la Chukwani. Mabehewa yalivutwa na nyumbu kwanza, kisha mwaka 1881 ikaagizwa injini ya moshi kutoka Uingereza. Ilikuwa chombo cha Sultani na watu wake, si cha raia, na alipofariki mwaka 1888 nayo ikafa.

Ya pili ndiyo iliyoacha jina. Kampuni moja ya Kimarekani ilijenga njia ya maili saba kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, na mwaka 1905 gari ya moshi ikaanza kuchukua abiria, ikipita Malindi karibu mno na madirisha ya watu. Serikali iliinunua mwaka 1911, na katika miaka ya 1920, barabara zilipotengenezwa na motokaa kuongezeka, ikakosa abiria na kuzimika.

Hapa naomba nisimame kidogo. Husemwa kila siku, hata na wanaowatembeza wageni, kwamba mji wa Bububu umepata jina lake kutokana na mlio wa gari ile ya moshi. Hadithi ni tamu, lakini haiwezi kuwa kweli. Salme huyo huyo anaitaja Bububu kuwa ni mahali alipopata kukaa, na kitabu chake kilitoka miaka kumi na tisa kabla ya gari kuanza kwenda huko. Wanaosema kuwa ni mlio wa maji wana hoja yenye nguvu zaidi, kwani upande huo zipo chemchem ambazo Sayyid Barghash alizivuta kuupatia mji maji. Gari iliukuta mji una jina lake.

Zilizoirithi reli ndizo gari tunazozizungumza. Kwa desturi lori liliagizwa kutoka ng'ambo likiwa halina zaidi ya injini, kichwa na magurudumu, na mwili wake ukaundwa hapa na maseremala wetu. Waliliwekea sakafu ya mbao, nguzo za mbao, paa la kuinamisha shingo, na mabenchi mawili marefu, moja kila ubavu, yakitazamana. Madirisha hayakuwa na vioo. Mvua iliponyesha utingo aliteremsha turubali, na abiria wote wakawa gizani wakisikiliza maji. Juu ya paa palipakiwa mihogo, makuti, magodoro, madema, baiskeli, na kuku waliofungwa miguu.

Mabenchi yale ya kutazamana ndiyo kiini cha maneno yangu. Aliyeinama kuingia alikuwa hana budi kusema "Assalaamu alaykum", kwa kuwa nyuso zote zilikuwa zimemwelekea, na jibu lilitoka kwa pamoja, benchi hili na lile. Mtoto wa mtu usiyemjua alipakatwa na yeyote mwenye mapaja. Bibi mwenye miguu mibovu alikaa mbele kwa dereva bila ya mtu kuamrisha. Na kwa kuwa adabu zetu zinawatenga wanaume na wanawake barazani na karamuni, gari ilizusha mtihani ambao sijauona ukielezwa popote: mwanamme na mwanamke wasiojuana, magoti yakikaribia kugusana, saa nzima na zaidi, watazame wapi? Walitazama vikapu. Watu wakawa mabingwa wa kuzungumza na mtu huku macho yao yakiwa kwenye mkungu wa ndizi, na baadhi ya mazungumzo niliyowahi kuyasikia yenye lugha safi na mafumbo ya kina yalipita juu ya mkungu kama huo. Mpenzi wa mashairi anayeuliza wapi watu wasiojua kusoma walijifunza kutupa jina na kulipokea, basi asiisahau gari ya shamba.

Njia niliyoijua mimi ni ya kusini: Mwanakwerekwe, Tunguu, Bungi penye safu ya miembe inayonasibishwa na Bi Khole, binti wa Sayyid Said, kisha msitu wa Jozani, kisha Kitogani panapogawika njia ya Paje na ya Makunduchi. Ndani ya Jozani gari ilipita polepole kwa ubovu wa barabara, na kima punju walitutazama kama sisi ndio wageni, jambo ambalo lilikuwa kweli. Ilipotiwa lami mwaka 1996 mwendo ukaongezeka, na kima wengi wakagongwa hata ikabidi kuwekwa matuta. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonesha kwamba wepesi wa safari hulipiwa, na aghalabu anayelipa si msafiri.

Gari ilikuwa posta pia. Nilipokuwa nikisoma skuli mjini, katika miaka ya 1980, mama alikuwa akinipelekea kikapu kwa gari ya alfajiri: muhogo, nazi, samaki wa kukaanga, na mara nyingine barua iliyoandikwa na mwalimu wa chuoni kwa niaba yake. Kikapu hakikuandikwa jina. Utingo alikijua ni cha nani, nami nilimjua utingo. Asubuhi moja nilifika Darajani nikakuta gari imeshapakua na utingo amekaa kwenye ngazi ya nyuma. Hakunipa kikapu. Aliniambia, "Panda, tunarudi sasa hivi," ilhali gari haikuwa na kawaida ya kurudi kabla ya mchana. Abiria walikuwa wanne tu, wote watu wa kwetu, na hakuna aliyezungumza. Nauli yangu haikupokelewa. Tulipopita Bungi mzee mmoja aliyekaa mbele yangu akaacha kutazama sakafu, akanitazama usoni, nami nikajua kuwa baba amefariki. Nilifika, nikawahi kulishika jeneza. Katika gari ambayo watu wote wanatazama mbele, sijui habari ile ningepewa vipi.

Jina la daladala lilitujia kutoka bara, ambako katika miaka ya 1980 nauli ya gari za watu binafsi ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano ikiitwa dala. Wazee wetu waliendelea kusema "gari" tu. Zikaja na nambari, nazo zina mantiki yake: zinazoanza na moja huenda kaskazini, kama 116 ya Nungwi; na mbili, mashariki, kama 206 ya Chwaka; na tatu, kusini, kama 310 ya Makunduchi; na tano ni za mjini na viungani, kama 502 ya Bububu na 505 ya uwanja wa ndege. Zikafuata Hiace na Coaster, zenye viti vya kutazama mbele, na gari za mbao zikaanza kusukumwa pembeni. Baadhi ya gari za kusini zikawa zinaanzia Mwanakwerekwe, na katika miaka ya 2020 kituo cha Darajani chenyewe kikaondoshwa, gari zikahamishiwa Kijangwani.

Sitaki nionekane mzee anayelilia ujana wake. Gari za mbao zilikuwa na mateso. Zilipakia kupita kiasi, vijana wakaning'inia nyuma kama popo. Moshi uliingia ndani. Mama mjamzito aliyepakiwa humo usiku kwenda hospitali ya mjini, kwa barabara zile, alikuwa katika mikono ya Mola peke yake, na wapo wasiofika. Mtu wa Makunduchi leo anaweza kufanya kazi mjini na kulala kwake, na hilo si jambo dogo. Lau ningeulizwa nichague gari ya kumpandisha mjukuu wangu, ningechagua ya viti vya kutazama mbele, bila ya kusita.

Lakini ninachokidai ni kwamba angalau gari moja ya mbao ihifadhiwe, pamoja na majina ya maseremala walioziunda, kama tunavyohifadhi milango ya nakshi. Mlango ulikuwa wa tajiri mmoja na jamaa zake. Gari ilikuwa ya kila mtu.

Mwezi uliopita nilipanda Hiace Kijangwani. Nilitoa salamu, akaitika dereva na bibi mmoja wa kiti cha nyuma, wengine walikuwa na waya masikioni. Kabla hatujaondoka mwanamke alikuja mbio na kikapu, akakipenyeza dirishani kwa kondakta. Kilifunikwa kwa kipande cha kanga, na juu yake palikuwa na karatasi iliyoshikizwa kwa pini. Niliinama kulisoma jina la mwenyewe. Iliandikwa nambari ya simu.