Vinia ya meno

Vinia ya meno ni ganda jembamba la kauri au resini linalogandishwa kwenye uso wa mbele wa jino ili kurekebisha umbo, rangi au urefu wake. Huwafaa hasa wenye meno ya mbele madogo au mafupi. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, daktari wa meno Charles Pincus wa California aliwabandikia waigizaji wa Hollywood maganda ya muda, yakabanduliwa baada ya kupigwa picha. Mwaka 1955 daktari wa meno Michael Buonocore alionyesha kwamba asidi huparuza enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, hata resini ikashika. Kwa mbinu hiyo, vinia za kauri za kugandishwa zikaenea kuanzia miaka ya 1980. Kwa kawaida daktari hupunguza enameli kama nusu milimita ili kuipa vinia nafasi. Enameli iliyoondolewa haioti tena.