Maegesho ya Magari Elfu Mbili

Ukitaka kujua jiji linampenda nani, usisikilize hotuba ya siku ya kuzindua mradi. Tafuta mchoro wa mradi wenyewe, uhesabu nafasi za kuegesha magari. Kisha tafuta mahali ambapo mtu anayekuja kwa miguu atavukia barabara. Hesabu ya kwanza utaipata haraka. Ya pili utaitafuta hadi macho yaume.

Mimi hupima Nairobi kwa kipimo hicho, na hakuna mahali kinaponifaa zaidi kuliko Uhuru Park na viunga vyake. Kipande hicho cha ardhi, kati ya tao na Upper Hill, kimeona kila aina ya ndoto: reli, barabara kuu, mnara wa ghorofa 60, steji ya kisasa, barabara ya kupita juu kwa juu, na sasa mji mpya ndani ya mji. Kila ndoto ilikuja na picha safi, miti ya kuchora na watu wa kuchora wanaotabasamu. Tupitie historia hiyo pamoja, kwa sababu ndoto ya mwisho bado haijajengwa ikaisha, na wewe na mimi tutaishi ndani yake.

Reli ilifika hapa mwaka 1899. Palikuwa na maji, majani na malisho ya Wamaasai. Kituo kikajengwa kwenye tambarare, mji ukaota kando yake. Wakubwa wa reli, Wazungu, wakajengewa nyumba kilimani, penye upepo, mahali tunapoita Upper Hill leo. Vibarua Waafrika wakaishia chini, Muthurwa na Landhies, karibu na karakana na moshi. Mpangilio ukawa umekamilika kabla mtu hajauita mpango: mwenye cheo juu, mwenye jasho chini.

Reli ya kupanda kwenda Kikuyu na Nakuru ilipita kwenye mstari ambao leo ni Uhuru Highway. Ilipohamishwa, barabara ikarithi njia yake na kuitwa Princess Elizabeth Highway, mpaka uhuru ulipoleta jina jipya. Kwa hivyo ukisimama pale roundabout ukingoja magari yaishe ndiyo uvuke, unangoja mahali ambapo babu zetu walingoja treni ipite. Tofauti ni kwamba treni ilikuwa na mwisho.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilipata mpango mkuu wa jiji. Kichwa cha kitabu chenyewe kiliiita Nairobi makao makuu ya koloni, hakikuficha chochote. Kilizungumzia mitaa, viwanda, ofisi na maeneo ya wazi, lakini Mwafrika alikuwa ndani yake kama nguvu kazi: alale wapi ndiyo asubuhi afike kazini. Hakuna aliyekuwa anamfikiria siku ya Jumapili.

Ndiyo maana naona mwaka 1969 kuwa mkubwa kuliko unavyosimuliwa. Mwaka huo Jomo Kenyatta alifungua Uhuru Park kando ya barabara kuu, na katikati ya jiji pakawa na mahali ambapo mtu wa kawaida angeweza kukaa bila kununua kitu, bila kutumwa na mtu, bila kipande. Ziwa la kuchimbwa, mashua, wapiga picha, mama na watoto waliovaa nguo za Krismasi. Familia nyingi za Nairobi zina picha moja iliyopigwa pale, nyuma kuna maji, mtoto mmoja amekataa kucheka. Hiyo ilikuwa bustani mpya ya jiji jipya.

Miaka ishirini baadaye ikaonekana kama shamba lililolala bure.

Mwaka 1989 chama cha KANU, kupitia shirika la gazeti lake, Kenya Times Media Trust, kilitaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell, alikuwa mshirika. Gharama ilitajwa kuwa takriban dola milioni 200, nyingi zikiwa za kukopa. Sikiliza vilivyokuwa ndani: makao makuu ya chama, ofisi za gazeti, kituo cha biashara, ukumbi, maduka, sanamu kubwa ya Rais Moi, na maegesho ya magari 2,000. Leo wauzaji wa majengo wangeuita mradi wa matumizi mseto: unafanya kazi, unanunua, unaburudika, yote mahali pamoja. Kilichokosekana katika huo mseto ni mtu aliyekuwa anatumia bustani.

Nairobi ya 1989 haikuwa na watu wengi wenye gari. Kwa hiyo magari 2,000 hayakuwa yakitafutiwa mahali pa kulala, yalikuwa yakialikwa. Na matatu? Zilikuwa zimeruhusiwa rasmi tangu 1973 na ndizo zilizobeba jiji, lakini katika orodha ile ya vitu vya kujengwa hazina hata kona.

Wangari Maathai aliandika barua. Aliandikia ofisi za serikali, akaandikia mashirika ya Umoja wa Mataifa, akamwandikia balozi wa Uingereza akimuuliza kama wangekubali jambo hilo Hyde Park. Wabunge walimcheka, wakawaita yeye na wenzake kundi la wanawake walioachika. Rais akasema wanaopinga wana wadudu vichwani. Green Belt Movement ikafukuzwa kutoka ofisi yake katika jengo la serikali.

Pia alienda mahakamani, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mahakama Kuu haikuamua kama jumba lile ni zuri au baya. Ilisema Wangari hana haki ya kushtaki, kwa sababu haikuonekana kwamba yeye binafsi amedhulumiwa. Bustani ni ya kila mtu, na kwa sababu ni ya kila mtu, hakuna mtu mmoja anayeweza kuitetea. Soma tena sentensi hiyo. Ndivyo mali ya umma ilivyokuwa ikiliwa kwa ulaini namna ile: si lazima uibe usiku, unahitaji tu sheria inayosema mwenye mali hayupo.

Jumba halikujengwa. Kelele zilifika kwa wakopeshaji wa nje, pesa zikakauka, na mapema 1992 ua uliokuwa umezungushwa ukang'olewa. Wiki chache baadaye, kwenye kona ile ile ya bustani, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi na kugoma kula wakidai wana wao. Tarehe 3 Machi 1992 polisi wakawapiga. Baadhi ya wale akina mama wakavua nguo, laana ambayo kila askari aliielewa bila mkalimani. Kona ikaitwa Freedom Corner. Kama jumba lingejengwa, sijui wangeketi wapi. Pengine kwenye maegesho.

Tarehe 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilitiwa saini Uhuru Park mbele ya umati. Kifungu cha 70 cha Katiba hiyo kinasema mtu yeyote anayeona haki ya mazingira safi inavunjwa anaweza kwenda mahakamani, na si lazima aonyeshe kwamba kuna mtu amepata hasara au kuumia. Yaani neno walilomnyima Wangari mwaka 1989 liliandikwa kuwa sheria ya nchi, na wino ukakaukia kwenye nyasi alizozipigania. Aliishi kuiona siku hiyo. Alifariki Septemba 2011.

Hapo ungedhani hadithi imeisha vizuri. Jiji letu haliishi hivyo.

Muongo uliofuata, shida haikuwa tena mnara. Ilikuwa usafiri. Desemba 2018 serikali ya kaunti ilijaribu kuzifukuza matatu kutoka tao. Watu wakatembea kilomita kadhaa wakiwa na watoto na mizigo, na agizo likaondolewa haraka. Kisha ikaja steji mpya upande wa pili wa Haile Selassie Avenue, kwenye iliyokuwa viwanja vya Railway Club, ya matatu za Ngong Road na Lang'ata. Iliitwa Green Park. Nilipenda jina, nikashangaa kitu: tuliweka lami kwenye uwanja wa nyasi, tukaupa jina la bustani.

Steji ilijengwa vizuri. Majaribio yakafanywa, magari yakaingia na kutoka, na kwa miaka jengo likabaki likingoja kazi yake. Nadhani sababu haiko ndani ya steji, iko nje ya geti. Mtu anayetoka Kawangware kwenda Gikomba hataki kufika Green Park. Anataka kufika Gikomba. Akishushwa pale anabakiwa na barabara pana ya kuvuka, mwendo mrefu, na nauli ya pili kama ana haraka. Makanga analijua hilo bila ramani: abiria wake ataruka kwenye jam kabla hajafika steji. Waliopanga walimpangia gari mahali pa kusimama. Abiria wakamwachia ajipange.

Mwaka 2019 ramani za barabara ya kulipia kutoka Mlolongo hadi Westlands zikaonyesha kwamba kipande cha Uhuru Park kingechukuliwa. Watu wakapiga kelele tena, safari hii mitandaoni na barabarani, na mchoro ukabadilishwa. Bustani ikapona, ila miti mingi kandokando ya njia haikupona. Mugumo mmoja mkongwe pale Waiyaki Way uliokolewa kwa agizo la rais mwaka 2020. Mei 2022 barabara ikafunguliwa, kilomita 27, na sasa mwenye gari na pesa ya kulipa anapita juu ya Uhuru Highway bila kutugusa. Sisi tuko chini yake, kivulini, tukitafuta pa kuvukia.

Uhuru Park yenyewe ilifungwa mwaka 2021 ili ikarabatiwe. Mabati yakakaa kwa muda mrefu hata watu wakaanza kuuliza kama tutaiona tena. Kisha Julai 7, 2024, baada ya wiki zile tunazozijua sote, vijana walijaa pale kwa tamasha la kuwakumbuka waliouawa kwenye maandamano. Hakuna mpangaji aliyekuwa ameandika kwamba bustani hii ni mahali pa maombolezo. Lakini ndiyo kazi ya ardhi iliyoachwa wazi: inabaki tayari kwa jambo ambalo hakuna aliyelipanga.

Sasa tuje kwa ndoto iliyo mezani. Inaitwa Nairobi Railway City, ekari 425 za ardhi ya reli na viunga vyake, kutoka Haile Selassie hadi Bunyala Road, ikigusa Uhuru Highway. Desemba 2022 Rais Ruto alizindua mradi huo. Utakuwa na kituo kipya cha treni, nyumba, ofisi, maduka, maeneo ya wazi. Mimi siupingi. Nyumba karibu na treni ni wazo zuri. Mtu akiweza kuishi, kufanya kazi na kupanda treni mahali pamoja, jiji linampunguzia nauli na saa mbili za jam. Nairobi imengoja kitu kama hicho tangu 1899.

Lakini ardhi hii ina kumbukumbu. Mwaka 2010 wapangaji wa Muthurwa, katika zile nyumba za vibarua wa reli, walianza kubomolewa ili kupisha majengo mapya. Walienda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikakubali kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Walitumia ile Katiba iliyotiwa saini bustanini.

Na kuna jambo jingine ambalo huhitaji wakili kulijua. Tafiti za usafiri Nairobi zimerudia kusema kwamba zaidi ya safari nne kati ya kumi hufanywa kwa miguu. Mwaka 2015 kaunti ilipitisha sera iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa wanaotembea na waendesha baiskeli. Ahidi na itimize ni majirani wasiosalimiana. Tembea kutoka Kenyatta Hospital hadi Railways saa kumi na mbili jioni, ukiwa na mtu mzee, halafu uniambie hiyo asilimia 20 umeipitia wapi.

Kwa hivyo siku tangazo la kukusanya maoni ya umma litakapotoka, kwa kawaida kwa herufi ndogo, gazetini, katikati ya wiki, usiliache. Nenda hata kama umeomba ruhusa kazini kwa uongo kidogo. Usiulize jengo litakuwa na ghorofa ngapi; hilo watakuambia wenyewe kwa furaha. Uliza mama mboga wa Muthurwa atauzia wapi. Uliza nyumba ya bei ya chini kabisa itakuwa shilingi ngapi. Uliza mtu akishuka kwenye treni atafikaje Uhuru Park bila kukimbizana na lori. Na mwisho, kwa upole, uliza maegesho ni ya magari mangapi.

Wakikuuliza wewe ni nani hata uulize, Kifungu cha 70 kiko hapo. Hukulazimika kununua tikiti.